Kiingereza cha Kuombea Maji na Kiingereza cha Kuombea Heshima

Tanzania tuna kipimo chetu cha Kiingereza, na hakikutungwa na Baraza la Mitihani. Chini kabisa yupo ambaye ngeli haipandi. Juu yake yupo mwenye Kiingereza cha kuombea maji: ukimtupa ugenini hatakufa kwa kiu, ila usimpe kipaza sauti. Kisha yupo anayeshusha ung'eng'e mpaka watu wa meza ya pili wanageuka. Kipimo hiki ni cha utani, lakini utani wenyewe unauma, kwa sababu kila mmoja wetu anajua amewekwa ngazi ya ngapi, na anamkumbuka aliyemweka.

Siku hizi imeongezeka ngazi nyingine. Kujua Kiingereza hakutoshi tena, inatakiwa uongee "kama wenyewe". Fungua simu yako utawakuta walimu wa dakika moja, tena wazuri tu, wanakwambia: usiseme hivi, wenyewe hawasemi hivyo, wenyewe wanasema hivi. Usiseme umechoka sana, kuna nahau yake. Usiseme umeahirisha, kuna kitenzi chake chenye mkia. Vijana wanaandika kwenye madaftari, wanajirekodi, wanarudia. Nimewaona kwenye daladala wakitembeza midomo bila sauti kama watu wanaosali.

Hivi kuna ubaya gani mtu mzima kutumia miaka yake akijifunza kusikika kama mtu aliyezaliwa kwingine? Na kama hakuna ubaya, mbona tukimsikia Mtanzania mwenzetu amefanikiwa tunasema anabana pua? Na kama upo ubaya, mbona tukimsikia mwingine ameshindwa tunacheka? Hatuwezi kuwa sahihi pande zote mbili. Ama tumchekee anayejitahidi, ama tumchekee asiyeweza. Kuwacheka wote ni ukatili tu uliozoeleka.

Nianze kwa kutenganisha vitu vitatu ambavyo kwenye masomo hayo huchanganywa kama choroko na kokoto. Kuna maneno yanayoandamana, kuna vitenzi vyenye mkia, na kuna nahau. Naona kila kimoja kina uzito wake wa kimaadili, na ugomvi wetu mwingi unatokana na kuvihukumu vyote kwa pamoja.

Maneno yanayoandamana tunayajua vizuri bila kufundishwa, maana Kiswahili kimejaa. Chukua "piga". Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga hodi, tunapiga kura, tunapiga magoti, na katika yote hayo hakuna anayeumia. Chukua "kula": mtu anakula kiapo, anakula njama, anakula hasara, anakula rushwa, na tumbo halijai. Mgeni akikwambia "nilifanya simu kwako jana", umemwelewa. Hajavunja kanuni yoyote ya sarufi. Lakini sikio lako limejikwaa kidogo, na kwa nukta moja umeacha kusikiliza alichotaka kusema, umeanza kusikiliza anavyosema.

Kiingereza ni hivyo hivyo. Uamuzi kwao "unatengenezwa": ni "make a decision", na ukisema "do a decision" wanakuelewa kwa sikio lililojikwaa. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth alieleza mwaka 1957 kwamba neno tunalifahamu kwa kuangalia linaandamana na nani. Miaka ya 1980 John Sinclair na wenzake katika Chuo Kikuu cha Birmingham waliingiza maandishi mengi mno kwenye kompyuta, wakatoa kamusi ya COBUILD mwaka 1987. Walichokiona ni kwamba watu hawajengi sentensi tofali kwa tofali kama tulivyofundishwa darasani. Sehemu kubwa ya usemi wetu ni vipande vilivyokwisha kuunganishwa, tunaviokota vizima vizima.

Sasa, kujifunza vipande hivyo ni unafiki? Sioni hivyo hata kidogo. Ni adabu ya kawaida, kama kupiga hodi kwenye nyumba ya watu. Huwi mwenye nyumba kwa kupiga hodi, wala huachi kuwa mtoto wa kwenu. Unampunguzia tu msikilizaji kazi, ili akili yake iende kwenye jambo lenyewe. Anayemwambia mwanafunzi "usihangaike na hayo, wewe si Mwingereza" anadhani anamlinda na utumwa, kumbe anamwacha nje mlangoni akiita bila kuitikiwa.

Vitenzi vyenye mkia vina habari nyingine. Hivi ni vile vitenzi vyepesi ambavyo Kiingereza huvifungia kineno nyuma, maana ikageuka kabisa: "put off" ni kuahirisha, "put up with" ni kuvumilia, "put out" ni kuzima moto. Wanafunzi wetu huvichukia, na ninawaelewa. Lakini hata sisi tuna mashine kama hiyo, tofauti ni kwamba ya kwetu imefichwa ndani ya neno. Funga, fungua, fungia, fungana, fungamana. Mgeni anayejifunza Kiswahili hulia na viambishi hivyo kama sisi tunavyolia na "up", "off" na "out". Kila lugha ina chumba chake cha kuteswa wageni.

Jambo linalonishangaza lipo hapa. Mtanzania aliyesoma mpaka kidato cha sita anajua "tolerate", anajua "postpone", anajua "extinguish". Hayo ni maneno yaliyotoka Kilatini na kuingia Kiingereza, maneno ya kitabuni. Mtoto wa miaka minne wa Manchester huenda hayajui hayo, lakini "put off" na "put out" anazo. Yaani sisi tunayo maneno ya profesa na hatuna ya mtoto. Sababu si uvivu, ni historia. Kiingereza kwetu kiliingilia ofisini, hakikuingilia jikoni. Kilikuja na mkuu wa wilaya, na hati ya kiwanja, na karatasi ya mtihani. Hakuna bibi aliyetuimbia nacho, hakuna mama aliyetugombezea nacho. Tulikutana nacho kikiwa kimevaa suti, nasi tukakijua kikiwa na suti.

Kwa hiyo anayejifunza leo kusema kwa wepesi anatafuta kitu ambacho shule haikuwa nacho. Anatafuta utoto wa lugha ile, akiwa na miaka thelathini, baada ya kazi, kwa bando lake mwenyewe. Ukiliangalia hivyo, kicheko kinapungua. Hakuna anayemcheka mtu mzima anayejifunza kuogelea eti kwa kuwa wenzake waliogelea wakiwa wadogo.

Na kuna kejeli mpya juu ya ile ya zamani. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu programu 7 zinazodai kutambua maandishi yaliyotungwa na mashine. Walizipa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilitajwa kuwa kazi ya mashine, wakati insha za wanafunzi wa Kimarekani zilipita karibu zote. Mwaka uliofuata tajiri mmoja wa teknolojia wa Marekani, Paul Graham, aliandika kwamba kuona neno "delve" kwenye barua pepe kulimfanya aone kwamba imeandikwa na ChatGPT. Wanijeria walimjia juu, kwa sababu kwao hilo ni neno la kawaida la mtu aliyesoma. Yaani ukiandika Kiingereza kibovu, hujasoma. Ukiandika kizuri kwa namna uliyofundishwa, wewe ni roboti. Njia iliyobaki ni ile moja ya kuwa kama wao, na hiyo ndiyo haiuzwi dukani.

Tuje kwenye nahau, maana hapa ndipo penye moto. Nahau zina ardhi zilikoota. Kiingereza cha ofisini kimejaa michezo ambayo wengi wetu hatujawahi kuiona. Ukiambiwa "let's touch base", yaani tuwasiliane, neno hilo limetoka kwenye besiboli. Mwingereza akisema habari fulani ilimpiga "for six", ametoka kwenye kriketi. "By and large" ilianza kama lugha ya mabaharia wa merikebu za matanga. Na sisi tuna zetu: tunatia nanga, tunakaza buti, tunatia chumvi, tunapakana mafuta kwa mgongo wa chupa, na mzee tunasema amekula chumvi nyingi.

Kuna wanaosema kwamba kubeba nahau za watu ni kubeba kumbukumbu zisizo zako, na kwamba anayefanya hivyo anaanza kuona dunia kwa macho ya kukodi. Hoja hii ina watu wazito nyuma yake. Ngũgĩ wa Thiong'o aliacha kuandika riwaya kwa Kiingereza, akaandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa Kikuyu akiwa gerezani Kamĩtĩ, kwenye karatasi za chooni, na kitabu kikatoka mwaka 1980. Kwake lugha ilikuwa mfuko wa kumbukumbu za watu, na ukimwaga mfuko wako ili ubebe wa mwingine, umejipoteza. Siwezi kumchukulia kwa wepesi mtu aliyelipa gharama hiyo.

Lakini hoja yenyewe nikiigeuza upande wa pili naona tundu. Kijana wa London anayesema "by and large" hajawahi kushika tanga. Kijana wa Dodoma anayesema mambo "yametia nanga" labda bahari ameiona kwenye televisheni tu. Wote wawili wanatumia nahau bila kumbukumbu, na hakuna anayewaambia wamekodi macho. Nahau ikishazoeleka huacha kuwa mali ya waliovuliwa samaki wake, inakuwa ya wanaoila. Kwa hiyo hoja ya kwamba Mtanzania anaiba kumbukumbu haisimami, isipokuwa tukubali kwamba Waingereza wengi nao wanajiibia wenyewe kila siku.

Basi ubaya, kama upo, haumo ndani ya nahau. Upo kwenye matumizi, na swali la kuuliza ni hili: unamwambia nani?

Barbara Seidlhofer, mwanaisimu wa Vienna, amechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wasio Waingereza wanavyozungumza Kiingereza wao kwa wao: Mchina na Mbrazili, Mjerumani na Mtanzania. Aligundua tatizo ambalo nadhani kila aliyekaa kwenye mkutano wa kimataifa analijua. Mmoja anatumia nahau aliyoikariri vizuri, mwenzake haijui, mazungumzo yanakwama. Makosa ya sarufi, kama kusahau "s" ya kitenzi, hayawakwamishi hata kidogo. Kinachowakwamisha ni umahiri wa upande mmoja. Yaani yule aliyejinyima usingizi ili asikike "kama wenyewe" anaweza kuwa ndiye asiyeeleweka, kwa sababu wenyewe hawapo chumbani.

Kuna mfano mzito zaidi, nao si wa utani. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca, safari namba 52 kutoka Kolombia, ilizungushwa angani zaidi ya saa moja ikisubiri kutua New York. Mafuta yalikuwa yanaisha. Rubani msaidizi aliwaambia waongozaji kwamba mafuta yanawaishia, na aliomba wapewe kipaumbele. Kiingereza chake kilikuwa cha kawaida na chenye kueleweka. Lakini hakulitaja neno moja ambalo waongozaji walilisubiri, neno la dharura. Ndege ikaanguka Cove Neck, kwenye kisiwa cha Long Island, na watu 73 kati ya 158 wakafa. Wachunguzi wa Marekani walilaumu marubani kwa kutosimamia mafuta na kutotangaza dharura, lakini wakataja pia upungufu wa maneno sanifu yanayoeleweka kwa wote.

Tukio hilo linanionyesha mambo mawili. La kwanza, wanaosema "ilimradi ueleweke" wanarahisisha mno. Yapo maneno ambayo jamii fulani imekubaliana yawe na uzito fulani, na usipoyajua unaweza kusema ukweli wote na usisikike. La pili, wajibu haukuwa wa msemaji peke yake. Mtu anapokwambia kwa sauti ya upole na lafudhi ya mbali kwamba mafuta yanaisha, nawe una uwezo wa kumuuliza swali la pili. Mazungumzo ni mzigo wa watu wawili, na kwenye Kiingereza mzigo huo tumeuzoea uko kichwani kwa mmoja.

Tena uko kichwani kwa sheria. Mtihani wa IELTS, ambao wauguzi na wanafunzi wetu huufanya wakitaka kwenda nje, una vigezo 4 kwenye sehemu ya kuzungumza, na kimoja ni msamiati. Anayetaka alama 7 anatarajiwa kuonyesha nahau kiasi na ujuzi wa maneno yanayoandamana. Matokeo yake kwa kawaida hutambulika miaka 2, kana kwamba Kiingereza ni maziwa, yataganda. Serikali ya Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawaombwi kuthibitisha Kiingereza wanapotafuta viza. Jamaika imo, Malta imo. Nchi ya Afrika haimo hata moja, si Kenya, si Ghana, si Nijeria, ambazo Kiingereza ni lugha ya serikali. Kwa hiyo dada anayekariri nahau usiku baada ya zamu ya wodini hajifanyi Mzungu. Ana mlango mbele yake, na funguo zimehesabiwa. Kumwita mtumwa wa fikra ni anasa ya watu ambao mlango wao uko wazi.

Na hata mlango ukishafunguka, kuna kusadikiwa. Mwaka 2010 Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwasikilizisha watu sentensi ndogo ndogo za maarifa, kwa mfano kwamba twiga hukaa bila maji muda mrefu kuliko ngamia, zikisemwa na wenyeji na wageni. Sentensi ile ile ilisadikiwa kidogo zaidi ikitoka kwa mwenye lafudhi ya kigeni, hata wasikilizaji walipojua kwamba msemaji anasoma tu alichoandikiwa. Miaka mitatu kabla ya hapo mwanafalsafa Miranda Fricker alikuwa amelipa jina tendo la kumpunguzia mtu sadaka ya kuaminiwa kwa sababu ya vile alivyo: aliliita dhuluma ya ushahidi. Anayedhulumiwa hapokonywi mali, anapokonywa hadhi yake ya kuwa mtu anayejua kitu.

Kwenye kazi yangu ya habari naiona dhuluma hiyo karibu kila wiki. Mwandishi wa mkoani anakijua kijiji, anamjua mwenyekiti, anajua shamba lilimegwa usiku gani. Habari yake ikifika kwa mhariri wa nje inarudi na maneno ya adabu kwamba lugha "haitiririki". Wiki inayofuata anatua mgeni mwenye lugha inayotiririka, anakaa siku tatu, anamtumia yule yule wa mkoani kama mkalimani, na jina linalochapwa juu ni la mgeni. Ukweli ulikuwa kwa mmoja, wepesi ulikuwa kwa mwingine, na malipo yakafuata wepesi. Hilo ndilo linaloniuma kwenye mada nzima hii. Tukijadili nahau kama pambo tu tunasahau kwamba watu wanazilipia kwa haki ya kusimulia habari zao wenyewe.

Lakini kabla hatujawanyooshea Waingereza kidole, tujitazame. Mwalimu Nyerere, aliyetafsiri Shakespeare kwa Kiswahili mara mbili, anakumbukwa kwa kusema kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Kauli hiyo huwa tunaitumia kutetea Kiingereza. Mimi naomba tuisome kinyumenyume. Kama Kiingereza ni Kiswahili cha dunia, basi Kiswahili ni Kiingereza cha nani? Kwa Mkongo aliyefika Kariakoo kufunga mzigo, kwa Mrundi, kwa Mganda, kwa bibi wa Usukumani aliyeletwa Dar kutibiwa, "wenyewe" ni sisi.

Na tunafanyaje? Mzungu akisema "mambo, poa" tunampigia makofi na kumpa soda. Mkongo akisema Kiswahili cha Lubumbashi, kilichokomaa na chenye watoto na wajukuu, tunamwigiza. Mkenya akikosea ngeli tunapata cha kuchekea wiki nzima. Watu wa pwani nao wanatuangalia sisi wa bara na kusema Kiswahili kina wenyewe. Hata hicho tunachokiita sanifu kilichaguliwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliipa nafasi lahaja ya Unguja, na Kimvita chenye tenzi na mashairi yake kikaachwa pembeni. Watoto wa Mombasa wakaingia shule kukosolewa lugha ya mama zao. Ukitaka kujua jinsi inavyokuwa kuambiwa lugha yako si ya asili, huna haja ya kwenda London.

Kwa hiyo siamini tena mtu anayedai haki ya lafudhi yake kwenye Kiingereza kisha akamnyima Mkongo haki hiyo hiyo kwenye Kiswahili. Haki ya lugha haina pasipoti.

Na wakati tunabishana, lugha zenyewe zinakopeshana bila kutuuliza. Nenda kwenye mkutano wowote wa waandishi na makocha wa mpira. Kila baada ya sentensi mbili utasikia "mwisho wa siku". Mwisho wa siku tunataka pointi tatu, mwisho wa siku mashabiki ndio wenye timu. Hiyo ni nahau ya Kiingereza iliyovaa kanzu, na kocha anayeitumia huenda ngeli haipandi kabisa. Wapo wanaowaza "nje ya boksi" na hawajui boksi lilitoka wapi. Upande wa pili, kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilipokea mwaka 2022 kundi la maneno ya Afrika Mashariki, "nyama choma" likiwemo. Chinua Achebe aliingiza methali za Kiigbo kwenye Things Fall Apart mwaka 1958 na Kiingereza hakikufa, kilinenepa. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana, akaandika kwa lugha ya ugenini huku ya nyumbani ikipumua ndani yake, na mwaka 2021 akapewa tuzo ya Nobel. Hawa hawakuongea kama wenyewe. Walijifunza vipande vya wenyewe kwa ukamilifu, kisha wakaweka vya kwao palipostahili.

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Nimewahi kuisikia methali hiyo kwa namna mbili: wengine husema fumba, wengine husema vunja. Tofauti ni neno moja, lakini ndani yake mna jibu la swali nililoanza nalo. Anayefumba jicho amekubali desturi ya mahali, na akitoka anafumbua, bado anaona. Anayevunja hana tena cha kufumbua. Nahau, vitenzi vyenye mkia na maneno yanayoandamana ni vya kufumbia jicho. Jifunze, tena jifunze sana, bila kuona aibu na bila kumwomba mtu radhi. Dalili ya kwamba umeanza kuvunja haiko kwenye Kiingereza chako. Iko nyumbani: pale unapoanza kumwonea haya mama yako anapozungumza mbele ya wageni.

Kwa hiyo ukiniuliza mpango, wangu ni mfupi. Maneno yanayoandamana yajifunze yote unayoweza, ni adabu kwa msikilizaji. Vitenzi vyenye mkia vielewe vyote hata kama hutavitumia vyote, kwa sababu ndivyo watu wanavyozungumza wakiwa wamechoka, wamekasirika au wanakupa maelekezo ya haraka. Nahau zijue nyingi, tumia chache, na uangalie kwanza aliye mbele yako. Akiwa Mchina au Mreno, mwambie kwa maneno ya kawaida, atakushukuru.

Na sisi tunaokaa upande ule mwingine wa meza tuna zoezi letu. Nawazungumzia wahariri, walimu, na wale mabwana na mabibi watano wanaomsaili kijana kwa Kiingereza kwenye ofisi ambayo kazi yote inafanyika kwa Kiswahili. Siku kijana huyo akisema "do a decision", muulize: uamuzi gani, na kwa nini? Sikiliza jibu lake mpaka mwisho ndipo uandike alama.